Tumbo Moja: wafo za Jumamosi

ALHAMISI

[17:48] Da Zuhura: Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi, kwangu. Safari hii ni wafo za protini, zile za vyumba vyumba za kubanwa kwenye mashine: unga wa pankeki wa pakiti, mayai, na lile kopo la Bakari la unga wa protini. Watoto watakuwa wametoka mazoezini, wapate kitu cha kukaa tumboni. Kila mtu athibitishe kabla ya saa 2 usiku.

[17:49] Da Zuhura: Kwa hesabu yangu tuko 14.

[18:31] Da Zuhura: Naona mmesoma. Tiki za bluu hizo hapo.

[18:40] Mjomba Idi: Nipo. Wafu nawapenda tangu zamani

[18:40] Bakari: 😂😂😂

[18:41] Kassim: Mjomba unawapenda wafu??

[18:42] Mjomba Idi: Simu hii inajiandikia inavyotaka

[18:44] Shangazi Mwanaheri: Nani kafa? Nimefungua nakuta wafu, Jumamosi, watu 14. Habari ya msiba haiwekwi kwenye kikundi, mtu anapigiwa.

[18:45] Da Zuhura: Shikamoo Shangazi. Hakuna aliyekufa. Ni WAFO. Chakula.

[18:47] Shangazi Mwanaheri: Marahaba. Nilishavaa kanga.

[18:48] Kassim: 😂😂😂😂

[18:50] Da Zuhura: Turudi kwenye mada. Jana nimejaribu. Unga wa pankeki nusu, protini nusu, maji kama pakiti inavyosema. Zimetoka ndala. Nyingine iligawanyika, nusu chuma cha juu nusu cha chini, nimebandua kwa mwiko mpaka saa 5 usiku. Anayejua aseme.

[18:52] Bakari: Kijiko kimoja cha kopo langu ni gramu 30, protini 24 safi. Uliweka kidogo. Weka vinne

[18:53] Mama Tariq: Samahani wifi, hiyo protini imetengenezwa kwa nini? Kama ni ya maziwa Tariq hawezi. Mnajua mara ile.

[18:54] Kassim: Bakari kopo hilo mwaka wa pili huu na mikono bado ni ya fagio 😂

[18:54] Bakari: Njoo ubebe gunia nami tuone

[18:55] Mjomba Idi: Fagio la ndani au la uwanjani

[18:57] Kassim: La ndani mjomba, lile la kuondolea utando wa buibui

[19:10] Da Zuhura: Jambo jingine. Mashine niliyonayo ni ya jirani, inatoa moja moja. Watu 14 kwa moja moja hatufiki. Ile kubwa ya nne nne iko wapi?

[19:58] Da Zuhura: Nauliza, iko wapi?

[20:03] Da Zuhura: Haya. Kuna nyumba vitu vikiingia haviulizwi. Ilikuwa sufuria, sasa mashine. "Wiki moja tu." Wiki ya mwaka gani hiyo.

[20:05] Bakari: Dada usianze

[20:05] Da Zuhura: Sijataja mtu.

[20:41] Mama Tariq: Protini ni ya maziwa au si ya maziwa?

[20:42] Mama Tariq: Na wewe Baba Tariq, badala ya kuchekesha watu, mtoto huyu ni wako pia.

[20:44] Kassim: Nimesikia mama 🙏

[22:51] Nuru: Shikamooni wote, ndiyo natoka zamu. Mama Tariq kwanza: ya Bakari ni ya maziwa, imeandikwa ubavuni mwa kopo. Mtindi pia. Na unga wenyewe wa pankeki soma nyuma, hasa ule wa "ongeza maji tu", mara nyingi una maziwa ya unga ndani. Tariq atengenezewe za kwake kwa unga usio na maziwa, bakuli lake, mwiko wake, na zipikwe KABLA ya zetu mashine ikiwa imeoshwa. Si baada.

[22:53] Nuru: Da Zuhura, nusu kwa nusu ndiyo iliyokuponza. Unga wa protini haushikani kama ngano, ukipata moto unakaza na kukauka. Ndiyo ndala hizo. Usizidi robo ya unga wote.

[22:58] Nuru: Mimi hufanya hivi. Unga wa pankeki gramu 200, protini 60 (vijiko viwili vya kopo, si vinne Bakari), mayai 3, mtindi mzito usio na sukari gramu 150, maziwa mililita 200, mafuta vijiko 3 vya chakula. Beking pauda usiongeze, pakiti inayo tayari. Zinatoka 8. Nilipiga hesabu ya gramu za protini siku moja: unga 20, kopo 48, mayai 18, mtindi 14, maziwa 7, jumla 107. Kila wafo gramu 13 na ushee. Ya unga, yai na maziwa tu haifiki nusu yake.

[23:01] Nuru: Mafuta msiyaonee huruma. Pankeki ukiinyima mafuta inavumilia, wafo inang'ang'ania chuma. Ndiyo maana vipimo vya pankeki kwenye pakiti havitoshi, wafo inataka rojo zito zaidi na mafuta zaidi. Na chuma kipakwe kwa brashi, si ile ya kupuliza kutoka kwenye mkebe, inaacha gundi isiyotoka.

[23:04] Nuru: Ute tenganisha na viini. Upige peke yake mpaka usimame, uuingize mwisho kwa mwiko, taratibu, vinundu vidogo viache vilivyo. Lakini kabla ya ute, rojo likae dakika 5 mpaka 10 protini inywe maji. Likizidi uzito, maziwa kidogo.

[23:06] Nuru: Mashine iwe ya moto kabisa kabla ya kumimina. Mvuke ukiwa bado unatoka usifungue, itachanika kama ile yako. Zikiiva zilaze juu ya waya. Ukizirundika kwenye sahani zinatoka jasho, kazi yote bure.

IJUMAA

[06:12] Da Zuhura: Nuru Mungu akuzidishie. Angalau kuna mtu mmoja anayejibu swali.

[06:14] Da Zuhura: Kila mtu mbili, 28, kwa hiyo tunafanya hesabu ya Nuru mara 4, zinatoka 32. Mashine ya jirani dakika 5 kila moja. Dakika 160! Ile ya nne nne ni dakika 40.

[06:20] Bakari: Mimi bado nasema vijiko vitatu

[07:02] Kassim: Zipikwe leo usiku zigandishwe, asubuhi tosta

[07:30] Nuru: Inawezekana. Zipoe kabisa kwanza, zigandishwe zikiwa zimetengana, halafu tosta. Nje zinakauka vizuri tu. Na ute uliopigwa hausubiri dakika 160 Da Zuhura, unashuka. Za mwisho zitakuwa nzito.

[07:33] Da Zuhura: Siwezi kualika watu halafu niwape vya friza.

[07:34] Kassim: Sisi si watu, sisi ni ndugu

[12:16] Halima: Nimeona mnanizungumza tangu jana. Mashine iko kwangu, iko kabatini, haijaharibika. Sikuiazima. Baba alinikabidhi mkononi, kwa maneno yake. Anayetaka ushahidi anajua nilikuwa wapi mwaka ule na yeye alikuwa wapi.

[12:17] Da Zuhura: Hakuna aliyekutaja.

[12:17] Halima: Sufuria pia hukunitaja?

[12:19] Da Zuhura: Kama sufuria ziliwahi kurudi mtu aniambie.

[12:20] Mjomba Idi: Mimi ninazo mbili

[12:20] Da Zuhura: ???

[12:21] Mjomba Idi: Za bluu. Nilidhani mnajua

[12:26] Shangazi Mwanaheri: Mama anasoma haya yote. Nimemsomea mwenyewe mpaka hapa, kaomba simu.

[12:33] Bibi (simu ya Shangazi): 🎤 Ujumbe wa sauti 2:14

[12:40] Da Zuhura: Niko kazini siwezi kufungua sauti. Mtu aandike.

[12:58] Nuru: Nimesikiliza. Bibi anasema: "Wajukuu zangu hamjambo. Figo zangu daktari kaziwekea mpaka, mayai na nyama napimiwa, kwa hiyo hiyo poda yenu mimi simo. Nipikieni mbili za unga mtupu, ndogo. La pili. Mashine niliinunua mimi, kwa pesa ya cherehani. Nikampa baba yenu ampelekee Halima, kwa sababu mwaka ule Halima ndiye aliyekuwa akiniogesha. Wengine mlikuwa mnapiga simu. Sikulaumu mtu wakati ule na silaumu sasa. Lakini Zuhura, lile neno la nyumba, sitaki kulisoma tena."

[12:59] Nuru: Halafu amekohoa kidogo, akamwita paka, ujumbe ukaisha.

[16:47] Da Zuhura: Bibi nimekusikia. Nisamehe.

[16:49] Da Zuhura: Halima nitakupigia.

[17:30] Bakari: Basi vijiko viwili

[18:05] Mama Tariq: Wifi, unga ulionunua una maziwa au hauna? Niende dukani sasa hivi au nisubiri?

[18:22] Da Zuhura: 📷 Picha

[18:24] Mama Tariq: Haisomeki, kidole kimeziba. Simama mwanga ukiangukia pakiti, upige tena.

[18:26] Kassim: Hicho kidole chenyewe kina protini

[18:26] Mama Tariq: BABA TARIQ

[18:27] Kassim: Naenda dukani. Nitasoma pakiti zote

[19:15] Mjomba Idi: Mayai nani analeta? Naweza kuleta trei. Sufuria pia nije nazo?

[20:40] Nuru: Hesabu ya mara 4 ni mayai 12, mbali na ya Bibi na Tariq. Trei inatosha Mjomba.

[21:52] Halima: Zuhura simu yako ilikuwa inatumika nilipopiga. Mashine naweza kuileta, ila gari nalipata saa 4. Si saa 3.