Tupeane uzoefu: mabomba ya maji taka na venti kwa bafu la ghorofani

GobaJuu
Wakuu, heshima kwenu. Kibanda changu kimefika hatua ya kumwaga zege la juu. Bafu la chumba kikubwa linakaa juu ya sebule, na fundi anashikilia kwamba venti (bomba la hewa la kupanda hadi juu ya paa) ni kutupa hela: "Harufu hupanda, bosi, na choo tayari kiko juu." Mliopita njia hii mlifanyaje? Zege likishamwagwa ni kazi ya tindo.

MamaKgb
Huyo na wetu wa Kigamboni wamefundwa na mwalimu mmoja. Ukivuta maji chooni, kitundu cha maji bafuni kinaguguma, kisha harufu inajaa hadi chumbani. Tulimwaga dawa za kila aina, tukabadilisha hata sinki la choo. Mwisho akaja mzee mmoja mpole, akamimina jagi la maji kwenye kile kitundu, harufu ikakata. Akavuta choo, ikarudi. Akatueleza: maji yanaposhuka kwa kishindo yanavuta hewa nyuma yake. Hewa ikikosa njia ya juu, inapita kwenye trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji chini ya kitundu, na kuondoka na yale maji yanayoziba harufu. Akapandisha bomba kwa nje hadi juu ya paa. Halipendezi hata kidogo, lakini tunalala.

FundiTabata
Mama kamaliza. Mimi niongeze ya kazini. Choo inchi 4, bafu inchi 2, na bomba lisipungue ukubwa kadiri linavyoshuka. Lile la inchi 4 lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Hapo ndipo ramani nyingi hukwama: choo kikiwa mita 4 kutoka bomba la kushukia, umeshapoteza sentimita 10, bado unene wa bomba lenyewe na kona yake. Utazificha wapi? Ama zege la bafuni lishushwe, ama mabomba yapite chini yake na jipsamu ya sebuleni iyafunike. Mimi humwambia mteja asogeze choo kwenye ukuta wa nje, yaishe.

Sinki la kunawia watu hulidharau. Bomba lake jembamba likiwa refu mno, linanyonya trapu yake lenyewe. Mwongozo wa Uingereza unataka bomba la milimita 32 lisizidi mita 1.7 bila venti, na ndicho kipimo ninachotumia.

Bomba likifika chini, usiweke elbo moja kali. Weka mbili za nyuzi 45. Choo cha chini kisiungwe karibu na kona hiyo, kitatapika mapovu. Kipe bomba lake hadi kwenye chemba.

Kinyerezi_Mjengo
Sisi harufu hatuna, tuna sauti. Bomba limepita ndani ya ukuta wa sebule. Wageni wako kwenye pilau, mtu juu anavuta maji, mazungumzo yote yanasimama. Mkuu, lipitishe kwingine.

MzeeWaSaiti
Kabla ya zege, kila bomba linapopita funga kwenye nondo kipande cha bomba kubwa zaidi, uzibe mdomo. Bimu usiitoboe bila idhini ya injinia, hata fundi akikuapia. Na kabla ya plasta na vigae, ziba chini, jaza maji, acha yalale. Yakipungua asubuhi, tafuta ungio linalovuja. Piga picha ukiwa umeweka futi kamba ukutani. Siku ya kutoboa ukuta kutundika kabati utanishukuru.

GobaJuu
Shukrani, wazee wangu. Swali: dirisha la chumba cha dari liko jirani na hapo venti itakapotokea. Nikiweka zile valvu za kuingiza hewa ndani kwa ndani, siwezi kuepuka kutoboa bati?

FundiTabata
Valvu inaingiza hewa tu, haitoi. Gesi ya septiki lazima ipate pa kutokea, kwa hiyo walau bomba moja liende juani. Kama dirisha liko ndani ya mita 3, pandisha mdomo wa venti angalau sentimita 90 juu ya dirisha.

MamaKgb
Na wavu juu yake, fundi! Mbu wa septiki wanatoka humo jioni kama daladala za Mbagala.

FundiTabata
Wavu ni sawa, mama, ila wa waya usioshika kutu, na usafishwe. Ukiziba, umerudi kule kule kwenye kuguguma.