Njia ya Yamanote: imezaliwa 1885 au 1925?

Mkaazi wa Bububu
Assalaam alaikum. Nimesoma kwamba mwaka 2025 njia ya reli ya Yamanote ya Tokyo iliadhimishiwa miaka 100, ilhali stesheni zake za Shibuya na Shinjuku zilifunguliwa tarehe 1 Machi 1885. Ni tukio gani hasa lililoadhimishwa?

Maalim wa Chake Chake
Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kilichoadhimishwa ni kukamilika kwa mzunguko. Reli ya 1885 ilijengwa na kampuni binafsi ya Nippon Tetsudo kutoka Shinagawa hadi Akabane, ikipita magharibi, nje ya mji, kwa kuwa lengo lilikuwa kuungana na reli ya Takasaki ili hariri ya bara ifike bandari ya Yokohama. Abiria wa mjini hawakuwa shabaha yake, na Shinjuku yenyewe ilikuwa bado pembezoni. Serikali iliitaifisha kampuni hiyo mwaka 1906, na treni za umeme zikaanza 1909. Kipande kigumu kilikuwa cha Ueno hadi Kanda, katikati ya mitaa iliyosongamana, nacho kilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1925, miaka miwili baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Tangu siku hiyo treni zikaweza kuzunguka mji mzima bila ya kugeuza.

Msomaji wa Forodhani
Maalim amelifafanua vyema, nami naongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Katika maandishi rasmi, Yamanote ni kilomita 20.6 tu, kutoka Shinagawa kupitia Shinjuku hadi Tabata. Sehemu iliyobaki ni mali ya njia za Tohoku na Tokaido. Duara la kilomita 34.5 lenye stesheni 30, ambalo treni hulizunguka kwa muda wa saa moja hivi, ni huduma inayopita juu ya njia tatu. Kwa hiyo naona 1925 ndio mwaka unaostahiki, kwani huo ndio mwaka ambao abiria alipata anachokiita Yamanote.

Mkaazi wa Bububu
Ahsanteni sana. Sasa nafahamu kwa nini reli yetu ya Bububu, hapa Unguja, ya 1905, iliyotoka mjini ikaishia shamba bila ya kuunganishwa na njia nyengine yoyote, haikuweza kushindana na magari.