Mgonjwa afichwe ugonjwa wake au aambiwe?

Mwana wa Pangani: Wakubwa shikamooni. Nisaidieni kufikiri. Wiki iliyopita mimi na dada tulifuata majibu ya kinyama cha Mama, kile kipande kidogo alichokatwa kikapimwe. Saratani ya tumbo, imeshafika kwenye ini. Daktari alitueleza sisi, Mama tulimwacha nyumbani. Tuliporudi tulimkuta barazani anachambua mchele. Akauliza bila kuinua macho kwenye ungo, "Wamesemaje?" Dada akajibu, "Vidonda vya tumbo." Karatasi kaikunja, iko ndani ya pochi yake mpaka leo. Ndugu wote wameafikiana tunyamaze. Mimi nikikaa naye mezani chakula hakipiti. Hii ni huruma au dhuluma? Na daktari alikuwa na haki ya kutuambia sisi kabla yake?

Wa Magu: Dhuluma. Mwili ni wake, habari ni zake. Yule mwanafalsafa Mfaransa, Kant, alisema hata muuaji akigonga mlango anamtafuta rafiki yako uliyemficha ndani, huna ruhusa ya kumdanganya. Sembuse mama aliyekuzaa! Ila siwashangai, watu wa Pwani mmelelewa hivyo. Kwenu kuzungusha maneno ndiyo ustaarabu.

Bint Makunduchi: La mama wa watu umelisema sawa, la Pwani umetukosea. Toa mfano mmoja tu.

Wa Magu: Mmoja? "Hujambo?" "Sijambo." Mtu ana homa anatetemeka ndani ya shuka, anasema sijambo. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila babu amefariki." Nzuri ipi hapo?

Mwalimu Mstaafu: Kwanza Kant hakuwa Mfaransa, alikuwa mtu wa Königsberg, Prussia. Aliyeandika kwa Kifaransa ni Benjamin Constant aliyempinga, na Kant akamjibu mwaka 1797. Mwaka huohuo, katika kitabu kingine, Kant aliuliza kama anayefunga barua kwa maneno "mtumishi wako mtiifu" amesema uongo, akaongeza kwamba hakuna anayedanganyika kwa hilo. Sijambo ni hivyohivyo. Unamfungulia mtu mlango kwanza, habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Nimefundisha Kiswahili miaka 31, hili linanigusa.

Wa Lubumbashi: Huku kwetu ni "Jambo!" "Jambo sana!" Hayo ya kukana jambo hatuna.

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, hiyo "jambo" yenu imezaliwa na huku kukana.

Inzu ya Ruhango: Mnamtaja muuaji mlangoni kama fumbo la darasani. Kwetu Rwanda, katika mauaji ya kimbari ya 1994, waligonga kweli. Zura Karuhimbi, mama mzee wa Ruhango, mganga wa mitishamba, aliwaficha watu zaidi ya 100 kwenye nyumba yake ndogo. Wauaji walipofika alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akawaambia wakiingia watajichumia ghadhabu ya Nyabingi, mzimu unaoogopwa. Waliwashwa, wakaogopa, wakaondoka. Alidanganya, na waliokuwa ndani wakapona. Mwaka 2006 akavishwa nishani, akafariki Desemba 2018. Nani kati yenu angethubutu kumwambia alikosea?

Wa Magu: Si mimi. Lakini yeye alimdanganya adui aliyekuja kuua. Hapa anadanganywa mwenye ugonjwa wake.

Bint Makunduchi: Bado hujaniomba radhi. Na wewe kila asubuhi unaamkia shikamoo. Ni lini uliinama ukashika mguu wa mtu?

Wa Magu: Kwetu dada zetu hupiga goti kabisa, tena chini kwenye vumbi. Usitufundishe heshima.

Abuu Salim: Assalaam alaykum. Hadithi ya Mtume inataja mahali patatu uongo unaporuhusiwa: vitani, kusuluhisha waliogombana, na maneno ya mume na mke. Mgonjwa simwoni humo. Ana wasia wa kuandika, ana madeni ya kulipa. Mtamzuiaje?

Bint Makunduchi: Sheikh, nakuheshimu, ila wewe hukuwepo kwetu. Mama mkubwa wangu aliambiwa na daktari kijana, kasimama mlangoni, simu mkononi. Tangu siku ile hakutoka tena barazani. Alikuwa anasuka ukili, akauweka chini, haukusukwa tena. Kilichomuua mapema ni yale maneno, hilo hamnitoi.

Wa Magu: Na mimi nikuambie langu. Baba yangu alifichwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomficha. Siku tatu kabla hajafa alinituma mbegu za dengu za msimu ujao. Nikanunua kilo tano. Akazipitisha kiganjani, akasema zina vumbi, nikazipepete. Nikatoka nje nikazipepeta, huku najua. Zipo mpaka leo kwenye debe. Ndiyo maana ninasema kwa ukali.

Bint Makunduchi: Pole sana kaka. Pole kwa kweli. Lakini na hilo halikutokea Pwani.

Muuguzi wa Usiku: Mnagombania salamu, mtoa mada anasubiri. Sisi wodini huwa tunamuuliza mgonjwa mwenyewe kwanza: "Mama, wewe unauonaje ugonjwa wako? Ungependa tukueleze yote, au tuzungumze na nani?" Wapo wanaosema waziwazi, "Mwambieni mwanangu, mimi mniache." Huyo hajafichwa na mtu. Daktari wenu aliruka hatua hiyo.

Mwalimu Mstaafu: Sawa, ila "sijambo" si uongo, naomba libaki limeandikwa.

Mwana wa Pangani: Ahsanteni. Jana jioni nimekaa naye barazani nikauliza kama alivyosema Muuguzi: "Mama, majibu ya daktari ungependa uelezwe wewe, au tubaki nayo sisi?" Mkono ukasimama kwenye ungo, kisha ukaendelea. Akasema, "Mngojeni kaka yenu afike Ijumaa." Basi. Dada amenuna, hasemi nami.

Wa Magu: Unaona? Ndiyo hayohayo ya kuzungusha. Kaulizwa ndiyo au hapana.

Bint Makunduchi: Kajibu. Anataka muwepo nyote. Mwambie dada yako aje na ile karatasi.