Nani alianzisha huu uongo kwamba "bata hana shida, anakula chochote"?

Wakuu, mnivumilie, leo nimejaa.

Nipo Uyole, Mbeya. Mwezi wa sita nilinunua vifaranga 15 wa bata gulioni. Namuuliza muuzaji wanakula nini, akacheka: "Dada, huyo ni bata, mtupie chochote." Na humu ndani kila ukiuliza habari za bata, jibu ni hilo hilo. Bata hafi, bata hana dawa, bata ni mtaji wa kulala. Ndiyo maana naandika.

Watatu wa kwanza niliwaua mwenyewe, hao simlaumu mtu. Niliwawekea beseni la maji waogelee. Kumbe kifaranga asiye na mama hajawa na mafuta ya kutosha kwenye manyoya, analowa kama tambara. Na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita mnaijua. Kulipokucha wamekauka. Sasa nawapa chombo chembamba, kina cha kuzamisha mdomo na pua tu, na jiko la mkaa lipo nje ya banda kwa usiku.

Hasira yangu ni ya hao wanane waliofuata.

Nilinunua gunia la pumba ya mahindi kwenye duka moja hapa mjini. Nikaingiza mkono, ndani kuna joto. Inanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Nikasema hii imeoza. Jamaa ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Hii si ya watu, ni ya mifugo." Nikabeba. Mjinga ni mimi.

Siku ya nne wakaacha kula. Wakaanza kuyumba, halafu wanaanguka shingo imepinda nyuma, miguu inapiga hewa. Bwana mifugo akapasua mmoja, ini limepauka na kuvimba. Hakuuliza chanjo, aliomba aone pumba. Akanusa, akaniangalia. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu.

Mahindi yakiloweshwa kidogo kabla ya kukobolewa, pumba inatoka na unyevu. Ukiifunga kwenye gunia bila kuianika, inapata joto, ukungu unaota. Ukichemsha uji sumu haitoki. Na katika mifugo yote, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wa mwanzo kufa kwa hiyo sumu! Ilianza kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa mashudu ya karanga, na baadaye maabara zikawa zinaipima kwa kuwalisha vifaranga wa bata. Huyu ndiye mnayesema anakula chochote?

Tena hiyo "si ya watu" inanichefua zaidi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Gunia la namna hiyo ukimpa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu hiyo inapita kwenye maziwa anayokunywa mtoto wako.

Nilirudisha gunia. Akasema mali ikishatoka dukani hairudi.

Wamebaki wanne. Nawapa chakula cha vifaranga vya kuku, naongeza dagaa waliosagwa, maana bata anahitaji niasini (vitamini B3) nyingi kuliko kuku, akikosa miguu inapinda. Majani ya mchicha wanayagombania.

Gunia bado lipo stoo, sijalimwaga. Nahofia kuku wa jirani. Mnalitupaje kitu kama hiki? Na kama kuna mtu wa Uyole au Igawilo anayepata pumba kavu mashineni siku hiyo hiyo, aniambie ni mashine ipi. Wa "bata hafi" apite tu.