Umeapgredi kompyuta, kibodi na mausi vikagoma: tupeane uzoefu kabla ya kupiga fomati

Wakuu, habari za leo.

Naanzisha uzi huu nikiwa na uchungu, na naomba kila aliyewahi kukutana na jambo hili aseme lake.

Mama yangu mdogo ana steshenari ndogo Morogoro. Ana kompyuta moja ya mezani, mtumba kutoka Uingereza. Mchana anachapa barua za watu na kuprinti, jioni anatunza hesabu za kikoba cha kina mama wenzake 22. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote vimo humo kwenye Excel tangu 2021.

Mwaka jana mwezi wa 11 akakubali apgredi ya kutoka Windows 10 kwenda 11, kwa sababu kila akiwasha alikuwa anakumbushwa kwamba 10 imefika mwisho (ni kweli, huduma yake ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025). Apgredi ikaenda vizuri usiku kucha. Asubuhi nywila haikubali. Anaandika ileile aliyoizoea miaka yote, inakataa. Akamwita fundi wa jirani. Fundi akajaribu mara tatu, akasema Windows imekufa, hapa ni kupiga fomati, yaani kufuta kila kitu na kuinstoli Windows upya. Akaipiga, shilingi 30,000. Hakumuuliza kama kuna mafaili ya kutunza.

Mimi nilifika Jumamosi. Nikakaa nimtengenezee barua pepe upya, nikabonyeza alama ya @ iliyochorwa pale jirani na Enter. Ikatoka alama ya kunukuu. Nikarudia, ikatoka ileile. Nikabonyeza Shift na 2, ikatoka @. Nikamuuliza, "Mama, nywila yako ilikuwa na @ ndani?" Akasema ndiyo.

Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana nafasi ya alama hizo mbili. Kibodi ya mama imechorwa Kiingereza cha Uingereza, ina hadi alama ya pauni juu ya 3. Baada ya apgredi mpangilio ulikuwa umegeukia Marekani. Kibodi haikuwa na tatizo, nywila haikuwa na tatizo, Windows haikuwa imekufa. Ilitakiwa kubonyeza lile jicho dogo kwenye kisanduku cha nywila, uone unachoandika, halafu ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na spesi ubadilishe mpangilio, kama wa Uingereza bado umo kwenye orodha. Na kama haumo, unabonyeza Shift na 2 unaingia, unauongeza ukishakuwa ndani. Sekunde 10.

Kina mama wamekaa siku nne wanajenga hesabu upya kutoka kwenye vitabu vidogo vya wanachama. Mikopo miwili haijakubaliwa mpaka leo, kila mmoja ana kumbukumbu yake.

Sasa naomba: kwako ilikuwaje, na ulijuaje chanzo?

Fundi, Mwanza

Pole sana mkuu, na mpe mama pole. Hili linaniuma kwa sababu ni sisi mafundi tunafanya. Fomati ni rahisi kuliko kufikiri.

Kitu cha kwanza ninachofanya mteja akiniambia kibodi imekufa baada ya kuapdeti: nabonyeza Num Lock naangalia taa. Nikiwa kwenye Windows taa haiwaki wala haizimi, nazima mashine, nawasha na kuingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows kufunguka. Kama huko ndani mishale inatembea na Num Lock inaitika, kibodi ni nzima, tundu ni zima, waya ni mzima. Ugonjwa uko kwenye Windows, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kibodi mpya. Na kama hata BIOS haiitiki, badilisha tundu kwanza, hasa yale ya nyuma yaliyoko kwenye bodi yenyewe.

Kesi yangu ngumu zaidi ilikuwa ya ofisi moja ya uhasibu. Kibodi tatu tofauti, zote zinafanya kazi BIOS, zote zinakufa Windows ikifunguka. Mausi inatembea. Nikafungua kibodi ya kwenye skrini (kwenye ukurasa wa kuingilia iko kwenye kile kialama cha mtu kona ya chini kulia), nikaingia kwa kubofya herufi moja moja. Kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, kibodi ina alama ya njano. Nilihangaika nayo mchana mzima kabla sijaelewa: waliwahi kuwa na programu ya kuzuia virusi, wakaiondoa, ila ilikuwa imeacha jina la draiva yake (programu inayoendesha kifaa) kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kwenye mstari unaoitwa UpperFilters wa kundi la kibodi. Windows mpya inaitafuta hiyo draiva, haipo, basi inakataa kuwasha kibodi yoyote. Nikaliondoa jina hilo, nikabakiza kbdclass peke yake, draiva ya kibodi ya Windows yenyewe, nikarestati. Ikawaka.

Angalizo kwa atakayejaribu: kbdclass usiifute. Ukifuta mstari wote unabaki bila kibodi kabisa. Na kabla hujagusa chochote, nakili rejista pembeni.

Mwalimu, Machakos

Asanteni kwa uzi huu. Yangu ilikuwa kompyuta ya ofisi ya walimu. Tuliapdeti Ijumaa, Jumatatu kibodi haiandiki. Unagonga A, kimya. Tukaazima kibodi ya maabara, pia kimya. Mkuu wa idara akasema ni apdeti imeharibu, na tulikuwa na alama za mtihani za vidato vinne za kuingiza kabla ya Jumatano.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyeona. Alishikilia herufi kwa muda, akiwa amechoka tu, na herufi ikatokea. Akagonga haraka, hakuna. Akashikilia tena, ikatokea. Akaniambia, "Mwalimu, inaandika lakini inataka polepole."

Ni mpangilio unaoitwa Filter Keys, uliowekwa kuwasaidia watu ambao mikono yao inatetemeka, ili kompyuta isihesabu mguso wa bahati mbaya. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8, kompyuta inauliza kama uuwashe. Ijumaa ile tukisubiri apdeti imalizike kulikuwa na rundo la vitabu juu ya meza, ujumbe ukatokea, mtu akagonga Enter bila kusoma. Kuuzima ni Settings, Accessibility, Keyboard. Mausi inatosha kufanya hivyo.

Kijana yule nilimpa kazi ya kutunza kompyuta za walimu tangu siku hiyo, na anaifanya vizuri.

Lubumbashi

Wandugu, jambo. Huku kwetu klavie ni za Kifaransa, AZERTY. Ya mama wa Morogoro naijua vizuri, ila kwetu ni mbaya zaidi: A na Q zinabadilishana, Z na W zinabadilishana, M inahama, na namba za juu kwetu zinataka Shift. Mashine ikigeukia Kiingereza, mtu mwenye namba ndani ya nywila yake anapata alama za ajabu na haoni, kwa sababu kisanduku kinaonyesha vidoti tu. Kinachotuokoa ni namba za pembeni kulia. Zile hazibadiliki, mradi Num Lock imewashwa. Ndugu zangu wote nimewaambia waweke PIN ya namba tupu na waiandike kwa upande huo.

Tanga

Langu ni dogo. Nilidhani apgredi imeharibu mausi yangu isiyo na waya, kishale kinaruka na kukwama. Kumbe siku ile ya kufanya bakapu nilihamisha kile kipokezi chake nikakichomeka ubavuni mwa disiki ya nje, kwenye matundu ya bluu ya USB 3.0. Vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi vinatoa kelele ya mawimbi karibu na 2.4 GHz, na mausi nyingi zisizo na waya ndipo zinapoongelea. Nikakirudisha nyuma, mbali na disiki. Kwisha.

Unguja

Jamani mimi nina suala, si jawabu. Tangu niapgredi, kibodi na mausi vinafanya kazi vizuri, halafu nikienda kusali nikirudi vimekufa vyote viwili. Taa ya chini ya mausi imezimika. Nikichomoa na kuchomeka vinarudi. Nishachoka.

Fundi, Mwanza

Hiyo ni Windows inakata umeme wa matundu ya USB ili kubana matumizi. Fungua Device Manager, shuka hadi Universal Serial Bus controllers, kila USB Root Hub unayoiona ifungue, nenda Power Management, ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kisha kwenye mipangilio ya umeme zima USB selective suspend. Ukimaliza bonyeza Restart, usibonyeze Shut down. Ukiizima kawaida Windows inatunza sehemu ya mfumo kwenye disiki na kuirudisha vilevile ukiwasha. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Unguja

Nimefanya. Nimesali Alasiri na Magharibi, narudi mausi iko hai. Allah akulipe kheri.

Arusha

Mimi ni upande wa Linux, mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows, na naona wengi mtahamia huku kwa sababu mashine nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11 (chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8).

Nilikuwa na kompyuta 12 za Debian (aina moja ya Linux) kwenye chumba cha mafunzo. Nikaapgredi ya kwanza, nikamalizia na amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika, na orodha ya vinavyoondolewa sikuisoma. Nikarestati. Ukurasa wa kuingilia ukaja mzuri, saa inatembea, majina ya watumiaji yapo, kishale kimesimama katikati kama kimegandishwa. Kibodi kimya.

Nilijua ni programu kwa sababu menyu ya GRUB, ile inayotangulia kabla ya mfumo kufunguka, mishale ilikuwa inatembea ndani yake. Nikachagua recovery mode, nikaingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), nikachomeka waya wa intaneti, nikasakinisha kifurushi kinachoitwa xserver-xorg-input-all. Ndicho kinachobeba draiva za kibodi na mausi za skrini ya picha, na mimi ndiye niliyekifuta. Dakika 5 baadaye kishale kikatembea. Kompyuta 11 zilizobaki niliziapgredi moja moja, nikisoma kila mstari.

Fundi, Kariakoo

Vijana, msitupe kibodi za PS/2, zile za pini ya duara, zambarau ya kibodi na kijani ya mausi. Intel walipotoa kizazi cha 6 cha prosesa zao mwaka 2015, watu wengi walikuwa bado wanataka Windows 7. Unaanza kuinstoli, skrini ya kwanza tu ya kuchagua lugha, kibodi na mausi za USB zimekufa, kwa kuwa Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0 na matundu yote ya bodi yalikuwa yameshahamia huko. Kibodi ya PS/2 ndiyo iliyonilisha miezi ile, maana wengine walikuwa wanarudisha bodi madukani wakidhani ni mbovu.

Na halijaisha. Apdeti ya Windows 11 ya tarehe 14 Oktoba 2025 ilifanya kibodi na mausi za USB zisiitike ndani ya ile skrini ya bluu ya marekebisho, wakati kwenye Windows yenyewe zinafanya kazi. Microsoft walitoa rekebisho tarehe 20, KB5070773. Mwenye PS/2 aliweza kuendelea na kazi. Ila ichomeke mashine ikiwa imezimwa, usiichomeke inawaka.

Mleta uzi, disiki ya mama ni SSD (ya chipu tupu) au ya kuzunguka?

Mleta uzi

Ya kuzunguka, GB 500.

Fundi, Kariakoo

Basi izime sasa hivi, asichape hata barua moja zaidi. Ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kama disiki ya pili, tumia PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, ni ya bure. Matokeo yahifadhi kwenye disiki nyingine, kamwe si humohumo. Ingekuwa SSD nisingekupa matumaini.

Mleta uzi

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. PhotoRec imesoma disiki kwa muda wa saa 5 na robo. Majina ya mafaili yamepotea yote, kila moja linaitwa f na tarakimu ndefu, kwa hiyo tumekaa mimi na mama tunafungua moja baada ya jingine. Barua za watu, risiti, kadi za mwaliko, mitihani ya chekechea. Kuna mengi yanakataa kufunguka.

Faili la hesabu za 2024 halijaonekana. La 2022 limefunguka nusu. Ila jana saa 4 usiku tumefungua moja, likaja na safu ya majina 22, na mikopo ile miwili inayogombaniwa imo. Mama ameiprinti hapohapo nakala tatu.