DVD orijino ya Uingereza haichezi kwenye laptopu, za kuchoma zinacheza

Swali
Wadau, naomba msaada. Laptopu ina Ubuntu 22.04 na draivu yake ya ndani. DVD za kuchoma zinacheza vizuri kwenye VLC (programu ya kuchezea video). Hii orijino iliyonunuliwa Uingereza, folda ya VIDEO_TS inafunguka, lakini VLC inatoa vibokisi vya kijani na waridi kwa sekunde chache kisha inagoma. Diski haina mkwaruzo, na deki ya sebuleni inaicheza. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1
Mkuu, diski ni nzima. Kinachokuzuia ni kufuli la CSS, yaani usimbaji unaowekwa kwenye DVD za kununua ili zisinakiliwe. Majina ya faili hayafungwi, ndiyo maana unayaona. Kilichofungwa ni picha na sauti ndani ya faili za VOB. DVD za kuchoma hazina kufuli hilo. Ubuntu haiji na libdvdcss, maktaba ya kulifungua, kwa sababu sheria za baadhi ya nchi zinaibana. Unaiweka mwenyewe:

sudo apt install libdvd-pkg
sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Wengi wanaruka amri ya pili, na hapo ndipo wanapokwama. Ya kwanza huleta kifurushi cha maandalizi. Ya pili huhakikisha maktaba yenyewe imepakuliwa, imejengwa na imesakinishwa, kwa hiyo uwe na intaneti. Kisha funga VLC, ifungue upya, bonyeza Ctrl+D, chagua DVD.

Muulizaji
Asante mkuu. Vibokisi vimeisha, ila sasa inasubiri sana halafu inakata. dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo) inaandika "Read of scrambled sector without authentication".

Jibu la 2
Ujumbe huo unatoka kwenye draivu, VLC haihusiki. Draivu imekataa kutoa sekta (vipande vya data kwenye diski) zilizofungwa kwa kuwa makabidhiano ya funguo hayajakamilika, na mara nyingi chanzo ni kanda, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski na draivu zimepangiwa. Afrika Mashariki ni kanda 5, Uingereza 2, Marekani 1. Angalia yako:

sudo apt install regionset
sudo regionset /dev/sr0

Ukiona mask=0xEF, draivu iko kanda 5; 0xFD ni kanda 2. Ukiona 0xFF, haijawahi kupangiwa kanda yoyote. Programu itakuuliza kama unataka kubadili. Jibu n kwanza, usome.

Tafadhali usijaribu-jaribu hapa. Mtumiaji ana nafasi 5 tu za kubadili, halafu draivu inabaki na kanda ya mwisho moja kwa moja. Hesabu hiyo imo ndani ya draivu yenyewe, kwa hiyo kupiga Windows upya hakuirudishi nyuma. Kama diski zako nyingi ni za Uingereza, weka 2 uiache hapo.

Jibu la 3
Naongezea kwa aliye na diski za kanda mbili: nunua draivu ya nje ya USB, kila moja ibaki na kanda yake. Ndiyo njia salama kuliko zote.

Kabla ya kutumia nafasi ya kubadili, unaweza kujaribu hii:

DVDCSS_METHOD=title vlc dvd:///dev/sr0

Hapo libdvdcss haiombi ufunguo kwa draivu, inaukokotoa kutoka kwenye data, kwa hiyo ivumilie ikichelewa kuanza. Lakini draivu ikikataa hata kutoa sekta, kama inavyosema dmesg yako, njia hii haitasaidia. Rudi kwenye kanda.

VLC ya Windows huja na libdvdcss ndani, ila kanda ya draivu ni ileile. Blu-ray ni habari nyingine: kufuli lake ni AACS, na kikanda Afrika na Ulaya zote ziko B.