Maji ya moto gesti ya vyumba 8 Njombe: sola ya tenki juu, sola ya pampu, au shawa za umeme?

MlimaBaridi
Wakuu, habari za jioni. Nina gesti ndogo Njombe mjini, vyumba 8. Hadi leo tunawachemshia wageni maji kwa kuni na kuwapelekea ndoo mlangoni, ila wageni wa siku hizi ndoo hawaitaki tena. Mezani nina mapendekezo matatu:

1. Sola ya paneli bapa, tenki la lita 300 juu ya paa, maji yanazunguka yenyewe bila pampu.
2. Paneli juu ya paa, tenki chini stoo, pampu ndogo inazungusha.
3. Shawa ya umeme kila bafu.

Fundi wa namba 2 anaiponda namba 1, anasema haina nguvu. Paa ni la mabati, kenchi za mbao. Nishaurini.

BombaSafi
Namba 3 itoe kabla hujalala. Shawa moja inakula kilowati 4 hadi 5.5. Saa 12 asubuhi wageni watano wakiwasha pamoja umeshapita kilowati 20, na umeme wa fezi moja wa ampia 60 unaishia kama kilowati 13.8. Utashinda unapandisha swichi kubwa huku watu wana sabuni machoni.

DadaMkoba
Kwa nyumba ya watu wawili watatu namba 3 haina ubaya, ni rahisi kufunga. Kwa gesti naungana na BombaSafi. Kupandisha lita 300 kutoka nyuzi 15 hadi 55 ni uniti kama 14 za umeme, kila siku, Mungu akipenda. Hizo 14 jua linakupa bure.

Nakuru_Solar
Kaka, namba 1 ndiyo nyingi huku kwetu Kenya, majumbani na hata hotelini. Inafanya kazi kwa sababu joto hupanda. Hakuna cha kuharibika.

MwlFizikia
Nakuru_Solar, turekebishe kidogo, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Joto lenyewe halina juu wala chini, linakwenda popote penye baridi. Kinachopanda ni maji yaliyopashwa, kwa kuwa yamekuwa mepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ya nyuzi 20 ina kilo 998. Ya nyuzi 60 ina kilo 983. Yale mazito ya chini ya tenki yanashuka hadi mguuni mwa paneli na kuyasukuma mepesi yapande. Huo ndio myuko.

Sasa angalia ukubwa wa msukumo wenyewe. Bomba la moto na la baridi yakipishana kimo cha mita moja, tofauti ni kilo 15 kwa mita ya mraba, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 15. Basi. Kwa hiyo fundi wa namba 2 hajadanganya kwamba nguvu ni ndogo. Ila inatosha, mradi usiizibie njia.

BombaSafi
Mwalimu kasema kweli. Nimeitwa mara nyingi kwenye sola "mbovu" ambayo paneli inaunguza mkono na tenki ni baridi kabisa. Ukifuatilia unakuta bomba la nusu inchi, viwiko kibao, na sehemu moja bomba limeinuka kisha likashuka kabla ya kuingia tenki. Pale kwenye mgongo hewa inajikusanya na mzunguko unakufa. Bomba la moto lipande moja kwa moja bila kuinama popote, liwe la robo tatu au inchi, kona chache.

MlimaBaridi
Na kenchi je? Lita 300 ni kilo 300 bila kuhesabu tenki lenyewe.

BombaSafi
Nani kasema lazima tenki lipande paani? Sharti ni liwe juu kuliko paneli. Zishushe paneli: ziweke kwenye fremu chini uani, zielekee kaskazini, tenki likae kwenye mnara mfupi wa tofali nyuma yake. Acha kama sentimita 30 kati ya kichwa cha paneli na tako la tenki. Ukiweka tenki na paneli usawa mmoja, usiku paneli inapoa, maji yake yanakuwa mazito, mzunguko unageuka na joto la mchana linamwagwa angani. Halafu tenki la maji baridi liwe juu kuliko yote, shawa zipate presha.

DadaMkoba
Kwa namba 2 hilo la usiku linazuiwa na vali isiyorudisha maji. Faida yake tenki unaliweka popote. Ubaya, umeme ukikatika saa 7 mchana pampu inasimama jua likiwa kali na maji yanachemkia humo humo kwenye paneli.

Makete_Juu
Jamani mnasahau baridi. Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 kuna asubuhi majani ni meupe kwa jalidi. Maji yakiganda kwenye mirija ya shaba ya paneli, inapasuka. Chukua yenye mzunguko wa pembeni: kwenye paneli unazunguka mchanganyiko wa maji na glaikoli (dawa ya kuzuia kuganda), unapasha tenki kwa nje, maji ya kuoga hayaingii kwenye paneli kabisa. Bado ni namba 1, haina pampu. Na kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, mirija haizibi kwa ukoko.

Nakuru_Solar
Au mirija ya kioo ya vakyumu. Katikati ya vioo viwili hakuna hewa, kwa hiyo hakuna kitu cha kubeba joto kulitoa nje hata upepo uvume vipi. Kwenye paneli bapa, hewa iliyo kati ya bati na kioo inazunguka muda wote na kulivujisha. Ila kioo kikipigwa jiwe ni gharama.

MlimaBaridi
Asanteni sana. Nakwenda na paneli bapa za glaikoli, mnara wa tofali. Siku za mawingu?

MwlFizikia
Agiza tenki lenye hita ya umeme katikati, isiwe chini. Hita inapasha maji yaliyo juu yake tu. Ya chini yanabaki baridi kwa kuwa ya moto hayashuki. Unapata lita 150 za moto haraka, na kesho jua likitoka linakuta maji baridi ya kupasha kule chini.

MlimaBaridi
Nimeelewa mwalimu. La mwisho: kutoka mnarani hadi bafu la mbali ni mita 14. Bomba nilifunike na nini?

BombaSafi
Sponji nyeusi za mabomba ya AC, zinapatikana maduka ya vifaa vya friji. Zinazopigwa na jua zizungushie foili, zikiachwa wazi zinameguka. Na vuta bomba dogo la nusu inchi kwenda bafuni, usitumie la inchi: maji yanayopoa humo ndani ndiyo mgeni atayamwaga kwanza akisubiri ya moto.